Barua ilisema 25 kwa saa: kisa cha msimamizi wa zamu

Barua ya kumpandisha cheo mdogo wangu ilikuwa na mstari mmoja alioukariri: mshahara wa mwaka 52,000, "sawa na 25 kwa saa". Hadi siku hiyo alikuwa karani wa ghala, analipwa 20 kwa saa. Kutoka 20 kwenda 25 ni nyongeza ya robo nzima, na nyumbani hakuna aliyeona haja ya kuuliza kitu, mimi nikiwemo. Tulimpongeza. (Sarafu nimeiacha nje kwa makusudi. Msomaji aweke ya kwake, hesabu haibadiliki.)

Miezi minane baadaye alinipigia simu usiku. "Dada, hivi nimepandishwa au nimeshushwa?" Alikuwa amechoka, fedha za mwezi hazikuongezeka kama alivyotarajia, na alishaanza kujilaumu kwamba hajui kutunza pesa. Hilo la kujilaumu ndilo lililoniuma. Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na nimeona watu wengi wakijikagua matumizi usiku na mchana huku tatizo lao likiwa kwenye namba moja tu: ile waliyogawia mshahara.

Nikamwambia alete vitu vitatu: barua ya cheo, hati za mshahara za mwaka wake wa mwisho wa ukarani, na hati za miezi hii minane. Tukaanza na barua.

Ile 25 ilitoka wapi? Wiki 52 mara saa 40 ni saa 2,080. Gawa 52,000 kwa 2,080, unapata 25 kamili. Ndiyo hesabu inayotumika kila mahali, na ukiigawa kwa miezi 12 unapata zile saa 173.33 kwa mwezi ambazo mtu yeyote wa mishahara anazijua kwa moyo. Ni namba ya kurahisisha kazi. Haidai hata kidogo kwamba umefanya kazi saa 2,080. Kwanza, mwaka hauna wiki 52 kamili, una wiki 52 na siku moja au mbili. Ndiyo maana serikali kuu ya Marekani inawagawia watumishi wake mshahara wa mwaka kwa saa 2,087, wastani uliopatikana kwa kuangalia kalenda ya miaka 28. Ufaransa, yenye wiki ya saa 35, sheria inahesabu mwaka mzima wa kazi kuwa saa 1,607, kwa sababu pale likizo na sikukuu zimeshaondolewa. Namba tatu tofauti, na kila moja ni sahihi kwa swali lake. Shida huanza mtu anapochukua jibu la swali moja akalitumia kwenye swali jingine.

Swali la mwajiri lilikuwa: nikimkata mtu huyu saa moja ya kutofika, nimkate kiasi gani? Kwa hilo, 25 ni jibu zuri. Swali la mdogo wangu lilikuwa: saa moja ya maisha yangu ninayoitoa kwenye kazi hii inanirudishia nini? Hapo 25 haisemi kitu.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba ile 25, kwa mkataba ulivyoandikwa, ilikuwa ndogo kuliko ukweli. Mkataba unampa siku 20 za likizo na siku 10 za sikukuu, zote kwa malipo. Hizo ni siku 30, saa 240. Ukizitoa kwenye 2,080 zinabaki saa 1,840 za kuwa kazini, ndani ya wiki 46. Gawa 52,000 kwa 1,840, unapata 28.26. Kama angefanya kazi saa zilizoandikwa, wala si zaidi, kila saa yake kazini ingekuwa na thamani ya 28.26. Hiyo ndiyo ahadi halisi ya barua, na ndiyo namba niliyotaka tuishike kama kipimo.

Sasa ukarani. Kwa 20 kwa saa, pamoja na likizo na sikukuu za kulipwa zile zile, msingi wake wa mwaka ulikuwa 41,600. Lakini hati zake za mshahara zilionyesha mstari mwingine, mdogo, ambao wala hakuwa akiukumbuka: saa za ziada. Kwa wastani alifanya saa 3 za ziada kila wiki, analipwa mara moja na nusu, yaani 30 kwa saa. Wiki 46 zinatoa saa 138 na malipo ya 4,140. Jumla ya mwaka 45,740, kwa saa 1,978 za kazi. Kila saa: 23.12.

Alinyamaza kidogo. Kichwani mwake alikuwa ametoka kwenye 20. Kumbe alikuwa ametoka kwenye 23.12.

Upande wa usimamizi ulikuwa mgumu zaidi, maana mtu wa mshahara wa mwaka hana mashine ya kugonga kadi. Saa zake hazikuandikwa popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa ni mali. Nikamwomba anunue daftari dogo la mfukoni na aandike kwa wiki nne: muda wa kufika, muda wa kuondoka, na kila simu au ujumbe wa kazi nje ya zamu, pamoja na dakika zake. Nilimkataza mambo mawili. Asiandike kwa kumbukumbu mwishoni mwa wiki, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyechoka hukuza siku mbaya na kusahau simu fupi fupi. Na asichague mwezi wa kuhesabu mali, ambao kila mtu ghalani anajua ni wa taabu. Nilitaka mwezi wa kawaida.

Daftari hilo ninalo hapa mbele yangu. Ukurasa wa Jumanne moja unasomeka hivi: "12:30 asb. nimefika, makabidhiano. 10:50 jioni nimetoka, lori limechelewa. 3:15 usiku simu, dk 12, funguo za stoo ya pili. 4:05 usiku ujumbe, dk 5, nani yuko zamu kesho." Zamu yake rasmi ni saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, na saa moja ya chakula isiyolipwa katikati. Hiyo ya chakula hatukuigusa, ingawa kurasa kadhaa zinaonyesha aliitwa mara mbili au tatu huku sahani iko mezani.

Wiki ya kwanza ilitoa saa 48.5, ya pili 52, ya tatu 47, ya nne 51.5. Jumla 199, wastani 49.75 kwa wiki. Juu ya saa 160 za mkataba kulikuwa na saa 39 ambazo hazikuonekana kwenye hati yoyote ya mshahara. Tulizipanga kwa sababu zake: makabidhiano ya asubuhi, nusu saa kila siku, yalikula saa 10. Kuchelewa kutoka kulikula 15. Simu na ujumbe nyumbani, 9. Jumamosi moja aliyoitwa, 5. Zile 9 za simu ndizo zilizomshtua kuliko zote. Hakuwahi kuziita kazi.

Kulikuwa na jambo jingine. Katika siku zake 20 za likizo alikuwa ametumia 15, na alishaelezwa kwamba msimu wa kazi nyingi unakuja, hivyo tano zilizobaki azisahau. Siku zisizotumika hazihamishiwi mwaka unaofuata. Siku ya likizo ya kulipwa iliyopotea ni siku ya kazi uliyoifanya bure. Kwa hiyo wiki zake za kazi hazikuwa 46 tena, zilikuwa 47.

Wiki 47 mara 49.75 ni saa 2,338.25. Gawa 52,000 kwa hizo. 22.24.

Yaani chini ya 23.12 ya ukarani, na chini kabisa ya 28.26 iliyoahidiwa. Zaidi ya moja ya tano ya thamani ya kila saa ilikuwa imeyeyuka bila mtu yeyote kumkata senti.

Wengi huishia hapa, nami naona ni kuishia mapema mno. Wastani unaficha jambo. Tofauti ya 22.24 na 23.12 ni ndogo, mtu anaweza kusema cheo kinastahili kulipiwa hivyo. Swali linalouma ni jingine: zile saa za nyongeza zenyewe, anaziuza kwa bei gani? Alipanda kutoka 45,740 hadi 52,000, nyongeza ya 6,260. Saa zilipanda kutoka 1,978 hadi 2,338.25, nyongeza ya saa 360.25. Gawa: 17.38. Mtu yule yule, ghala lile lile. Alipokuwa karani, saa moja ya kubaki baada ya zamu ililipwa 30. Sasa ni msimamizi, na inalipwa 17.38. Nadhani hii ndiyo namba ambayo kila anayepandishwa cheo angeanza nayo, kabla hata ya kugawa mshahara mzima, kwa sababu ndiyo bei ya kile hasa anachoombwa aongeze.

Na hiyo ni kabla ya kodi. Viwango vya kodi ya mapato katika mfumo wake vinapanda kwa ngazi, kwa hiyo nyongeza inakatwa kwa ngazi ya juu. Hati zake zilionyesha kwamba kwenye ukarani makato yote yalikuwa asilimia 18 ya mapato, lakini ile 6,260 ya nyongeza ilikatwa asilimia 30. Mkononi zilibaki 4,382. Hapo hapo kulikuwa na gharama mbili mpya. Siku tatu kwa wiki gari la wafanyakazi lilimwacha, akajilipia nauli, na siku hizo hizo mlezi wa mtoto alidai malipo ya kuchelewa. Pamoja ni 30 kwa wiki, 1,410 kwa mwaka. Zikabaki 2,972. Gawa kwa miezi 12 unapata kama 248. Alikuwa akitarajia 867 kwa mwezi, kwa sababu alitoa 41,600 kwenye 52,000 akagawa kwa 12. Matumizi yake nilikuwa nimeyapitia, hayakuwa na tatizo lolote. Pesa aliyodhani anaipoteza haikuwahi kumfikia.

Kuhusu safari ya kwenda na kurudi, watu hubishana kama ihesabiwe. Mimi naihesabu, kwa sababu rahisi kwamba kazi isingekuwepo safari isingekuwepo. Lakini naihesabu pande zote mbili, si upande mmoja. Safari yake ni dakika 40 kwenda na 40 kurudi. Siku anazokosa gari inaongezeka robo saa. Ukarani wote, na safari, ulichukua kama saa 2,285 na kumpa 16.41 mkononi kwa saa. Usimamizi, na safari, unachukua saa 2,687 na kumpa 15.07 baada ya zile gharama mbili. Zile saa za nyongeza, ambazo sasa ni 402, zinalipwa 7.39 kila moja. Saa 402 ni zaidi ya wiki kumi za kazi.

Nilimwonyesha pia yaliyo upande wa pili, maana hesabu ya kumkasirisha mtu ni rahisi kuitengeneza. Mwajiri anamchangia asilimia 6 ya mshahara wa msingi kwenye mfuko wa pensheni, na msingi umekua kutoka 41,600 hadi 52,000. Hiyo ni 624 zaidi kwa mwaka ambazo haziko mkononi lakini ni zake, ukiziongeza, 7.39 inakuwa 8.95. Saa za ziada za ukarani nazo hazikuwa na uhakika. Zingekoma kabisa, angebaki na 41,600 kwa saa 1,840, na nyongeza ya cheo ingekuwa 10,400 kwa saa 498, sawa na 20.87 kabla ya kodi. Si mbaya, ingawa hata hapo wastani wa ukarani, 22.61, bado unaipita 22.24. Na cheo chenyewe kina thamani isiyoingia kwenye daftari: kazi yake inayofuata itaanza na neno msimamizi. Kwa miaka yake, hilo nalithamini sana. Sikumshauri arudi kwenye ukarani.

Aliniuliza kama sheria haimlindi. Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na ukataka saa za ziada zilipwe angalau mara moja na robo ya kiwango cha kawaida. Lakini mkataba huo huo ukawaweka kando walio kwenye nafasi za usimamizi na uongozi. Sheria za nchi nyingi zimefuata njia hiyo, zikitofautiana mahali pa kuchora mstari. Kwa hiyo siku mtu anapoitwa msimamizi, kinga ya saa za ziada inaweza kumtoka kwa neno moja la cheo, na ndiyo maana mstari ule wa 4,140 ulitoweka kwenye hati yake bila maelezo. Kuna mahali sheria inaangalia kazi unayoifanya badala ya jina la cheo, na aliye kwenye hali kama hii asome mkataba wake na sheria ya kwao kabla ya kudhani hana haki.

Tulikubaliana asiende kuomba pesa. Bajeti ya mwaka ilikuwa imeshafungwa, na ombi la pesa lingejibiwa kwa neno moja. Katika ile hesabu ya kugawa, mshahara uko juu ya mstari, saa ziko chini ya mstari. Kinachoshindikana juu huenda kikawezekana chini. Tukafanya majaribio kwenye karatasi. Akichukua likizo yake yote bila kubadilisha kingine, 22.24 inakuwa 22.72. Akishusha wiki hadi saa 44 na likizo yake yote ikiwepo, anafika 25.69. Mwajiri haongezi hata senti.

Alikwenda kwa meneja wake na daftari, si na malalamiko. Namba za malipo kwa saa hakuzitaja. Alionyesha zile saa 39 zilizopangwa kwa sababu zake, akauliza zipi kati ya hizo zinahitaji msimamizi. Nilikuwa nimemwomba aulize hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Meneja, kwa sifa yake, alilichukua daftari na kulisoma kurasa zote. Makabidhiano ya asubuhi yakageuzwa kuwa karatasi inayojazwa na karani wa zamu inayotoka, na mara chache tu ndiyo msimamizi huitwa mapema. Simu ya usiku ikagawanywa kwa zamu kati ya wasimamizi watatu. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akimpigia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa akipokea. Funguo za stoo ya pili zikawekewa kabati lenye namba ya siri. Siku tano za likizo zikarudishwa, kwa sharti zichukuliwe kabla ya msimu.

Baada ya miezi miwili nilimwomba aandike tena wiki nne. Zilitoka saa 178, badala ya 199. Makabidhiano 3, simu 4, Jumamosi hakuna, kuchelewa kutoka 11. Wastani wa 44.5 kwa wiki, kwa wiki 46, ni saa 2,047 kwa mwaka, na 52,000 ikigawiwa hizo inatoa 25.40. Kulinganisha na ukarani, sasa anatoa saa 69 tu zaidi kwa ile 6,260. Wiki nne si mwaka, na msimu wa kazi nyingi haujapita. Daftari bado liko mfukoni mwake.

Zile 11 za kuchelewa kutoka ndizo zilizobaki. Zinatokana na lori moja linalofika kila siku kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu jioni, na ratiba ya lori hilo haipangwi ghalani. Wiki hii ameomba kuonana na watu wa usafirishaji, na amenipigia kuuliza aanze na ukurasa gani.